Kutwaliwa kwa Ngome ya Ticonderoga: Uhakiki wa Masimulizi ya Ethan Allen

Katika mwaka wa 1779 kilichapishwa mjini Philadelphia kitabu kidogo kiitwacho A Narrative of Colonel Ethan Allen's Captivity, yaani masimulizi ya Kanali Ethan Allen juu ya siku zake za kifungo. Sehemu kubwa ya kitabu hicho yaeleza mateso aliyoyapata mwandishi mikononi mwa Waingereza, tangu alipokamatwa karibu na Montreal tarehe 25 Septemba 1775 hata alipofunguliwa kwa kubadilishana wafungwa mwezi wa Mei 1778. Walakini kurasa zilizokipa kitabu sifa yake si hizo za kifungo. Ni kurasa chache za mwanzo, ambamo Allen aeleza jinsi yeye na watu wake walivyoitwaa ngome ya Ticonderoga, kando ya Ziwa Champlain, alfajiri ya tarehe 10 Mei 1775, bila ya mtu hata mmoja kuuawa. Katika kurasa hizo limo jibu moja fupi ambalo limekaririwa Marekani vizazi kwa vizazi, na ambalo aghalabu huandikwa katika vitabu vya historia kana kwamba lilisikiwa na kila mtu aliyekuwako.

Uhakiki huu wakusudia kulipima jibu hilo kwa mizani mbili: mizani ya ushahidi na mizani ya lugha. Jambo hili si la anasa. Mtu asomaye habari za vita vilivyoandikwa na mmoja wa wapiganaji hukabiliwa na swali lile lile, iwe vita hivyo ni vya Marekani au vya Mrima: maneno haya yalisemwa siku ya tukio, au yaliundwa siku ya kuandika? Na kama yaliundwa baadaye, je, yatupwe, au yana kazi nyingine ya kumfaa mwanachuoni?

Kisa kama kilivyosimuliwa

Ngome ya Ticonderoga ilijengwa na Wafaransa kuanzia mwaka wa 1755, nao waliiita Carillon. Yasimama penye njia ya maji kati ya Ziwa George na Ziwa Champlain, na jina lake la Ticonderoga limetoka katika lugha ya wenyeji wa asili wa jamii ya Iroquois, likiwa na maana ya mahali palipo kati ya maji mawili. Aliyeishika ngome hiyo aliishika njia iliyotoka Kanada kuelekea bonde la mto Hudson. Mwaka wa 1758 Wafaransa chini ya Montcalm waliwashinda Waingereza hapo kwa kuwaua na kuwajeruhi watu wengi mno. Mwaka uliofuata Waingereza wakaipata. Baada ya amani ya mwaka wa 1763 mpaka ule ulipoteza maana yake ya zamani, kwa kuwa Kanada nayo ilikuwa ya Mfalme wa Uingereza. Kuta zikaanza kubomoka. Kufikia mwaka wa 1775 ngome ilikuwa na kikosi kidogo cha askari chini ya Kapteni William Delaplace, pamoja na wake na watoto wa askari. Lakini ndani yake yalikuwamo mizinga mingi, na makoloni yaliyokuwa yamekwisha kumwaga damu na majeshi ya Mfalme huko Lexington na Concord tarehe 19 Aprili hayakuwa na mizinga ya kutosha.

Allen asimulia kwamba alipata maagizo ya siri kutoka koloni la Connecticut, akawakusanya watu wake, wale walioitwa Vijana wa Milima ya Kijani. Walifika ukingoni mwa ziwa wakiwa 230. Mashua zilikuwa chache, na usiku ukawaishia. Watu 83 tu ndio waliokwisha kuvuka kulipoanza kupambazuka. Basi Allen akaamua kutowangoja wengine. Aliwahutubia watu wake, akawataka wale walio tayari kumfuata wainue bunduki zao, na wote wakainua. Langoni palikuwa na mlinzi, naye aliielekeza bunduki kwa Allen akaivuta, lakini baruti haikuwaka. Mlinzi akakimbia, washambuliaji wakamfuata hata uwanjani, wakajipanga na kupiga makelele ya ushindi mara tatu. Mlinzi wa pili akamjeruhi kidogo mmoja wa maofisa kwa singe. Allen akampiga kichwani kwa upanga, ila kwa huruma akalipunguza pigo lenyewe. Mlinzi akaomba aman, kisha akaonyesha ngazi iendayo kwa mkubwa wa ngome.

Hapo ndipo penye kilele cha kisa. Kwa masimulizi ya Allen, Kapteni Delaplace alitokea mlangoni akiwa ameishika suruali yake mkononi. Akaamriwa aitoe ngome mara moja. Akauliza: kwa mamlaka gani? Allen asema kwamba alimjibu kwa kutaja majina mawili pamoja, jina la Mungu kwa lile neno la Kiebrania, Jehova, na jina la Kongresi ya Bara, yaani lile baraza kuu la wajumbe wa makoloni. Kisha mwandishi aongeza, kwa ucheshi wake, kwamba mamlaka ya Kongresi hayakuwa yakijulikana sana wakati ule, na kwa sababu hiyo kapteni alitaka kuendelea kusema. Lakini upanga uliokuwa juu ya kichwa chake ulimkata maneno. Ngome ikatolewa. Jua likachomoza kwa uzuri upitao desturi, na washindi wakanywa kwa furaha.

Mashahidi wengine

Wenyeji wa pwani husema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Haitoshi, walakini, kusema kwamba ngozi imevutwa. Yapasa kuonyesha imevutwa kutoka wapi hata wapi. Kwa bahati njema, mashahidi wa asubuhi ile hawakuwa mmoja.

Shahidi wa kwanza ni Allen mwenyewe. Tarehe 11 Mei 1775, siku moja tu baada ya tukio, aliliandikia baraza la Massachusetts barua ya kutangaza ushindi. Katika barua hiyo asema kwamba aliitwaa ngome kwa amri ya baraza la kutunga sheria la koloni la Connecticut. Jehova hatajwi. Kongresi ya Bara haitajwi kuwa ndiyo iliyotoa amri.

Shahidi wa pili ni Luteni Jocelyn Feltham, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa wa pili kwa cheo ngomeni. Taarifa yake kwa Jenerali Thomas Gage ya mwezi wa Juni 1775 ilikaa miongoni mwa nyaraka za Jenerali huyo kwa muda mrefu, hata Allen French alipoichapisha mwaka wa 1928. Feltham asema kwamba aliamshwa na kelele, akakimbia bila ya kuvaa ili amwamshe kapteni wake, kisha akasimama juu ya ngazi akiwa na suruali mkononi, akajaribu kuwachelewesha wavamizi kwa maswali. Ni yeye, si Delaplace, aliyeuliza kwa mamlaka gani wameingia katika ngome ya Mfalme. Na majibu aliyoyapata yalikuwa mawili, kutoka kwa watu wawili: Allen alisema kwamba amri yake imetoka Connecticut, na mwenziwe, Benedict Arnold, alisema kwamba yake imetoka kwa baraza la Massachusetts. Kapteni Delaplace alitoka baadaye, amekwisha kuvaa nguo zake.

Shahidi wa tatu yumo ndani ya kitabu chenyewe. Msomaji makini huona kwamba kurasa chache kabla ya jibu mashuhuri, Allen amekwisha kutaja maagizo ya Connecticut. Hivyo kitabu chatoa mamlaka moja penye maandalizi, na mamlaka nyingine penye kilele, bila ya kueleza mabadiliko hayo yametokea wapi.

Barua ya siku ya pili, taarifa ya adui aliyeshindwa, na kauli ya kitabu kabla ya mlango kufunguliwa, zote zaafikiana kwamba jina lililotajwa asubuhi ile lilikuwa la Connecticut. Adui na rafiki wakiafikiana juu ya jambo lisilomfaa yeyote kati yao, ushahidi wao wapata nguvu. Tena Connecticut yenyewe haikuwa imetoa amri kwa njia ya wazi. Watu wachache wa Hartford walichukua pauni 300 kutoka hazina ya koloni kwa dhamana yao wenyewe, wakawatuma wajumbe kwenda kuipanga kazi. Na yako pia masimulizi ya mdomo, yaliyoandikwa vizazi vya baadaye, yadaiyo kwamba Allen hakutaja baraza lolote bali alimwita mkubwa wa ngome kwa matusi ya watu wa mashambani. Masimulizi hayo yana sanadi dhaifu, kwa hiyo hayafai kuliangusha jibu la kitabu. Yafaa tu kuonyesha kwamba hata wale waliomsifu Allen hawakuridhika wote na lugha ya kitabuni.

Kunyamaza juu ya Arnold

Kasoro ya pili ya kisa ni mtu asiyekuwamo. Benedict Arnold alifika kwa washambuliaji akiwa na hati ya ukanali iliyotolewa na kamati ya usalama ya Massachusetts tarehe 3 Mei 1775. Kati ya wote waliokuwa ukingoni mwa ziwa usiku ule, ndiye aliyekuwa na karatasi iliyo bora. Alidai uongozi, watu wa Allen wakakataa, wakasema kwamba hawatapigana ila chini ya wakubwa wao waliowachagua. Hata hivyo aliingia ngomeni pamoja na Allen, na katika barua yake ya tarehe 11 Mei alidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuingia. Feltham naye amtaja, tena kwa kumsifu kuwa alikuwa na adabu zaidi.

Katika kisa cha Allen, Arnold hayuko. Langoni hayuko, uwanjani hayuko, na juu ya ngazi hayuko. Atokea baadaye tu, habari za kwenda kuiteka merikebu ya Mfalme zinapoanza, kana kwamba ameteremka kutoka mbinguni. Wako wasemao kwamba jina lake limeachwa kwa sababu ya aibu ya usaliti wake. Hoja hiyo haisimami. Arnold aliwageukia Waingereza mwezi wa Septemba 1780, na kitabu kilitoka mwaka wa 1779, wakati Arnold angali jenerali mwenye heshima kubwa, aliyejeruhiwa mguu huko Saratoga. Sababu lazima itafutwe penginepo, nayo haiko mbali. Mwenye hati akitokea katika kisa, msomaji hana budi kuuliza hati ya yule mwingine iko wapi. Kumtoa Arnold juu ya ngazi ni kuliondoa swali hilo, ili pabaki mdomo mmoja tu wa kujibu swali la mamlaka.

Mwaka wa 1775 na mwaka wa 1779

Kwa nini, basi, jina la Connecticut lilitolewa na la Kongresi likatiwa mahali pake? Jibu lapatikana kwa kuangalia mahali aliposimama mwandishi alipoishika kalamu.

Allen na wenziwe walikuwa wamekaa katika ardhi iliyogombewa na makoloni mawili, New Hampshire na New York. Hati zao za mashamba zilitolewa na New Hampshire. Serikali ya New York ikazikataa, na kwa sababu ya ghasia zao ikaahidi fedha kwa atakayemkamata Allen. Mtu aliyeitwaa ngome ya Mfalme asubuhi ile ya Mei alikuwa, mbele ya sheria za New York, mtoro atafutwaye. Mwaka wa 1777 watu wa milima ile walijitangaza kuwa nchi yao wenyewe, Vermont. Allen aliporudi kutoka kifungoni mwaka wa 1778, haja yao kubwa ilikuwa Kongresi iwakubali, na wajumbe wa New York walikuwa wakiipinga haja hiyo kwa nguvu zote. Vermont haikupokewa katika muungano hata mwaka wa 1791, miaka miwili baada ya Allen kufa.

Msomaji akilijua hilo, jibu la juu ya ngazi labadilika sura. Halimsemeshi tena kapteni wa Kiingereza. Lawasemesha wajumbe wa Philadelphia, mji ule ule kitabu kilikochapishwa. Lawaambia kwamba watu wa Vermont walilitaja jina la Kongresi wakati ambapo karibu hapana mtu aliyelijua, nao walilipatia ushindi wake wa kwanza. Dai lililo na hoja ndani yake limevikwa nguo za ushujaa.

Hapo pana jambo ambalo Allen hakulisema, nalo ni zito kuliko yote aliyoyasema. Kongresi ya Bara ya pili ilifungua mkutano wake Philadelphia tarehe 10 Mei 1775, siku ile ile ngome ilipotwaliwa. Haikuweza kutoa amri, kwa kuwa haikuwa imeketi. Na habari zilipoifikia, haikushangilia kama mwenye mali aliyerudishiwa mali yake. Tarehe 18 Mei iliazimia kwamba mizinga na vifaa viondolewe vipelekwe upande wa kusini wa Ziwa George, na kwamba viandikwe kimoja kimoja kwa hesabu kamili, ili vipate kurudishwa kwa usalama siku ambayo Uingereza na makoloni zitapatana tena. Kongresi ilikuwa bado haijaamua kama jambo lile ni vita vya kujitenga au ni ugomvi wa nyumbani. Tangazo la uhuru lilikuwa mbali kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu aliyelitaja jina lake mlangoni pa kapteni, kama kweli alilitaja, aliitaja Kongresi ambayo haijazaliwa. Na ile iliyokuwako ilikuwa tayari kuandika risiti.

Neno "kwa jina la" katika Kiswahili

Mpaka hapa hukumu yaweza kuonekana nyepesi: Allen alisema uongo. Lakini mwanafunzi wa lugha ana neno la kuongeza, na neno hilo laonekana vizuri zaidi jibu linapotiwa katika Kiswahili.

Swali la Feltham laomba mamlaka. Kiswahili kina njia nyingi za kujibu swali la namna hiyo, na kila njia ina mzigo wake. Asemaye "kwa amri ya fulani" adai kwamba ametumwa, na aweza kuulizwa amri ilitolewa lini. Asemaye "kwa idhini ya fulani" adai kwamba shauri ni lake mwenyewe, ila ameruhusiwa. Asemaye "kwa niaba ya fulani" adai kwamba amesimama mahali pa mtu asiyekuwapo, na kwamba alitendalo lamfunga mtu huyo. Asemaye "kwa jina la fulani" hadai lolote katika hayo. Adai jina tu. Ndiyo sababu Kiswahili chaweza kusema, bila ya kugongana, kwamba mtu amelitumia jina la mwenziwe bila ya mwenyewe kujua. Ambapo kusema kwamba mtu amefanya jambo kwa amri ya mwenziwe bila ya mwenyewe kuamuru ni upuuzi.

Allen, kwa Kiingereza chake, alichagua neno la namna hiyo ya nne. Katika barua ya mwaka wa 1775 alipotaja Connecticut, alitaja amri. Katika kitabu cha mwaka wa 1779 alipotaja Kongresi, alitaja jina. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini mtu anayezoea kupima maneno haipiti. Ama mwandishi alilichagua neno kwa hadhari, akijua kwamba amri haiko na wajumbe walio hai waweza kumkanusha. Ama sikio lake lilimwongoza kulipata neno ambalo ukweli ungelivumilia. Kwa vyovyote viwili, kauli yake si dai la kutumwa. Hata maelezo yake kwamba mamlaka ya Kongresi hayakuwa yakijulikana sana ni nusu ya kukiri.

Ugumu wa pili umo katika kuyaunganisha majina mawili. Kwa msomaji wa Kiswahili, maneno "kwa jina la Mungu" hayatoi hati. Ni ufunguzi: huandikwa juu ya barua na mikataba, husemwa mtu anapoanza kula, safari au kazi. Ni dua na taadhima. Mfasiri atakayeandika "kwa jina la Jehova na la Kongresi" atamfanya msomaji wake aisikie bismillahi iliyounganishwa na tangazo la serikali, na sikio litajikwaa. Mfasiri mwenye busara atavutwa kuandika "kwa jina la Mungu na kwa amri ya Kongresi". Sentensi hiyo ni laini, lakini ni khiyana. Imempa Allen amri ambayo hata yeye hakuthubutu kujipa, na imevitenganisha vitu viwili ambavyo nguvu yote ya jibu yategemea kufungwa kwake pamoja. Heri sikio lijikwae, kwa kuwa msomaji anayejikwaa hapo huuliza swali lile lile la Feltham.

J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka wa 1962, alifundisha kwamba ziko kauli ambazo kuzisema ni kutenda, na kwamba kauli ya namna hiyo hubatilika kama msemaji hana cheo cha kuitoa. Ukitumia kipimo hicho, amri ya Allen ilikuwa batili: Kongresi haikumpa cheo, na barua ya Connecticut haikuwa ya baraza. Lakini ngome ilitolewa. Upanga ulilijaza pengo lililoachwa na cheo, na miaka minne baadaye kitabu kikaja kulijaza kwa maneno. Kiswahili chaeleza vizuri lililotokea. Huyo kapteni "alisalimu amri". Na kusalimu hapa si kuamkia, bali ni kukabidhi. Amri ilitoka mkononi mwake. Swali lililobaki ni kwamba ilikwenda kwa nani, na hilo ndilo swali ambalo watu watatu wenye karatasi mbalimbali, na mabaraza manne, walikuwa wakigombea kwa wiki kadhaa.

Uchaguzi wa maneno mengine nao wataka hadhari. "Boma" laingiza picha ya kituo cha utawala. "Gereza", ambalo zamani pwani liliitwa ngome yenyewe, kama ile ya Kilwa Kisiwani, sasa limebaki na maana ya kifungo. "Ngome" ndilo lifaalo. Katika vitenzi, "kutwaa" ni bora kuliko "kutamalaki". Utenzi wa Hemedi bin Abdallah ujulikanao kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima una neno hilo kwa haki, kwa kuwa Wadachi walikuja kushika ili wamiliki. Waliovuka Ziwa Champlain walitwaa tu; kumiliki kulingoja hukumu ya wengine, na Waingereza wakairudisha ngome mikononi mwao mwezi wa Julai 1777. Kadhalika, Feltham awaita watu wale wafanya ghasia, na kitabu chawaita wapigania uhuru. Mfasiri asiharakishe kuandika "mapinduzi" katika sentensi ya asubuhi ile. Asubuhi ile ilikuwa ghasia yenye bahati. Mapinduzi ilikuja kuwa baadaye, kwa sababu ya yaliyofuata.

Sifa na kasoro

Haitakuwa haki kukiacha kisa hiki bila ya kukisifu. Allen hakuwa mtu wa vyuo, lakini alijua kusimulia. Sentensi zake ndefu zakimbia kama watu wapandao ngazi, kisha zakatika ghafula mlango unapofunguliwa. Kuihamisha suruali kutoka mkononi mwa luteni kuitia mkononi mwa kapteni ni kosa la ushahidi, lakini ni ufundi wa msimulizi: amepunguza watu wawili kuwa mmoja, ili dola nzima isimame mlangoni bila ya nguo. Ucheshi wake kuhusu mamlaka yasiyojulikana wamfanya msomaji acheke, na mwenye kucheka hana nafasi ya kudai hati. Hata neno Jehova lina kinaya chake, kwani mwandishi huyo huyo alitoa mwaka wa 1785 kitabu cha kuzipinga dini za ufunuo, akaitukuza akili kuwa ndiyo mwongozo wa pekee wa mwanadamu.

Kasoro yake kubwa si uongo wa jibu. Ni kwamba jibu limekuwa kubwa mno hata limekifunika kitendo chenyewe. Kilichoyafaa makoloni ni chuma. Katika baridi ya mwaka wa 1775 kuingia 1776, Henry Knox aliyakokota kutoka huko mizinga 59, kwa mashua na kwa magari ya kuteleza juu ya theluji yaliyovutwa na maksai na farasi, mpaka karibu na Boston. Mwezi wa Machi 1776 mizinga ikapandishwa juu ya vilima vya Dorchester, na tarehe 17 Machi majeshi ya Kiingereza yakaondoka mjini kwa merikebu zao. Ile orodha iliyokusudiwa kwa kuirudisha mali haikupata kazi. Tena kisa hakiwataji hata kidogo wenyeji wa asili, ambao lugha yao ndiyo iliyoipa ngome jina lake, na ambao kwao mpaka uliogombewa na Wafaransa, Waingereza na makoloni haukuwa mpaka hata kidogo, bali ilikuwa njia ya nchi yao.

Hitimisho

Jibu la Ticonderoga si ushahidi wa lililosemwa tarehe 10 Mei 1775. Barua ya tarehe 11 Mei na taarifa ya Feltham zaonyesha kwamba jina lililotajwa ni Connecticut, na kwamba mbele ya mlango walisimama watu wawili. Lakini jibu hilo ni ushahidi bora kabisa wa mwaka wa 1779: laonyesha jinsi mtu wa mpakani, asiye na nchi inayotambuliwa, alivyoirudia asubuhi ya ushindi wake na kuitafutia mamlaka ambayo asubuhi yenyewe ilikosa. Anayelitupa jibu kwa kuwa si kweli ameitupa habari ya mwaka mmoja. Anayelikariri bila ya kulipima ameiharibu habari ya mwaka mwingine.

Kwa wanachuoni wa Kiswahili, funzo lake ni la kazi yao ya kila siku. Habari zilizoandikwa na wenye kushiriki katika vita vya pwani na bara nazo zina miaka miwili ndani yake, wa tendo na wa kalamu, na mara nyingi kati ya miaka hiyo utawala umebadilika. Kila palipoandikwa kwamba jambo lilifanywa kwa jina la sultani, la liwali, la mzimu au la serikali, mhakiki aangalie kwanza kama mwandishi ametaja amri, idhini, niaba, au jina tu. Waandishi wa zamani hawakuyachanganya maneno hayo ovyo. Mara nyingi walijua vema kabisa ni lipi kati yake lingeweza kuthibitishwa, na ni lipi lingeweza kutajwa tu.